Kichuguu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana. Leo alfajiri mama mkwe kaulizia buti zake. Nikamletea. Nikazifuta tope la mwaka jana kwa mkono wangu, kama mkwe mwema. Akasema buti hufutwa baada ya safari, si kabla.

Karudi saa nne na kikapu kimejaa uyoga wa kichuguuni, vichwa vipana kama visahani vya chai, kaufunika kwa majani. Kautoa wapi? Hasemi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu nimwoe binti yake, na hajasema. Hata binti hajui.

Uyoga huo ndio uhai wa mgahawa wangu. Kila mwaka kuna siku kama kumi ambazo mama mkwe anaingia jikoni kwangu na kupika mchuzi mzito wa uyoga, viazi na mifupa ya ng'ombe. Siku hizo mafundi wote wa karakana ya mbao, ng'ambo ya barabara, wanajaa kwangu mpaka wengine wanakula wamesimama. Siku zilizobaki napika mimi, na mafundi wanakula kwa Mvuke.

Mvuke ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Anaitwa hivyo kwa kuwa hafuniki sufuria. Anauacha mvuke utoke nje ukamwitie wateja. Anapika uyoga wa kuoteshwa kwenye mifuko. Mimi nasema unanuka mifuko. Wateja hawajaligundua hilo.

Jioni mama mkwe kanyoosha goti lake bovu, katangaza kwamba goti limeshakataa. Kabla mvua hazijaisha atamwonyesha mtu mmoja mahali pake. Mmoja tu, ili asife napo. Mke wangu kauliza ni nani. Kajibu kwamba bado anatazama. Halafu kauliza kama Mvuke amepona kikohozi.

Sikulipenda swali hilo.

Jumanne, 5 Aprili

Mpango: kuonekana nafaa.

Nimenunua uyoga mbichi sokoni, mzuri, mweupe. Nikauloweka kwenye beseni saa nzima ili utakate. Kisha nikautia wote sufuriani kwa mkupuo pamoja na vitunguu, nyanya, viazi na mafuta. Nikatoka kidogo. Niliporudi nikakuta maji ya kijivu na vitu vinaogelea.

Mama mkwe kaonja kijiko kimoja. Kasema uyoga hauogeshwi kama mtoto mchanga, unafutwa kwa kitambaa. Unatiwa kwenye kikaango kikavu, kidogo kidogo, unaachwa ulie mpaka umalize machozi yake, ndipo unapewa mafuta na kitunguu. Viazi vikutane nao vikiwa vimeiva nusu. Niliandika kila neno nyuma ya karatasi ya unga. Nikauliza unalia dakika ngapi. Kasema anayelia hapimiwi saa.

Mvuke alikuwepo. Kamletea mama mkwe kigoda cha kuegemezea goti, kakichongesha karakana kwa kipimo. Anamwita "Mama". Mama yake na nani? Kaonja mchuzi wangu, kanipiga begani, kasema, jirani, umejitahidi. Neno hilo huambiwa mtoto aliyekuwa wa mwisho darasani.

Jumatano, 6 Aprili

Nimekwenda msituni peke yangu. Nimerudi na kofia imejaa uyoga wa kila rangi. Nikaupanga mezani mbele ya mama mkwe nikasubiri sifa.

Kachukua mmoja, kauvunja, kaunusa, kaurudisha. Kasema nikiula huu leo, kesho watakula watu, msibani kwangu. Usioujua usiuchume. Kaumwaga wote shimoni, kaniamuru ninawe mikono hadi viwikoni. Halafu kaichoma kofia.

Ilikuwa kofia nzuri.

Mke wangu kanishauri nitulie, kwamba mama yake ananitazama. Nikamwambia hapo ndipo penye tatizo, anatazama wawili. Kaniuliza kwani ni mashindano. Wanawake hawaoni mambo mengine.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimemfuata.

Alitoka alfajiri, nami nyuma yake, mti kwa mti. Mara moja alisimama na kugeuka. Nikawa gogo. Sikujua kwamba naweza kuwa gogo vizuri hivyo.

Mahali penyewe: unapita mti uliopinda kama mzee anayetafuta sindano, unafika kwenye jiwe lenye ufa, unashika kushoto. Kichuguu si kikubwa. Kimo cha kiti cha jikoni. Kimezungukwa na uyoga kama wageni karamuni.

Hachumi wote. Anaacha wachanga, anaacha na wakubwa watatu waliokwisha funguka. Anauzungusha kidogo, anauinua, anakirudishia kichuguu udongo wake kwa kiganja, anafunika kwa majani. Alipomaliza akakisemesha kwa sauti ya chini. Sikusikia. Ilikuwa shukrani au maonyo, kwake vinafanana.

Kisha akataka kuinuka, goti likakataa. Akajaribu tena. Akakaa pale chini kwenye umande, akilisugua, hana haraka wala wa kumshika mkono. Mimi nilikuwa hatua thelathini tu.

Ningetoka, angejua. Nikabaki kuwa gogo.

Mara ya tatu aliinuka.

Ijumaa, 8 Aprili

Leo asubuhi mama mkwe kanywa chai kwa Mvuke. Kikombe cha pili! Nikaona yameshakwisha. Atamwonyesha yeye, na mimi nitabaki na beseni langu.

Basi nikapata wazo. Mahali ni mahali kwa sababu kichuguu kipo hapo. Kichuguu kikihama, mahali pamehama. Hata mama mkwe itamsaidia, kwa goti lake. Atachuma nyuma ya jikoni akiwa na kandambili.

Toroli langu halina gurudumu. Nikaazima la Mvuke, nikamwambia nakwenda kuchukua kuni. Akalitia mafuta kwanza, lisinilie njiani. Gurudumu lake lina kovu, kila likizunguka linaacha alama kama ya ukucha. Nikaiona alama ile nikawaza: mtu akiuliza, hizo ni nyayo za Mvuke. Wazo lilikuja lenyewe, sikulialika. Lakini sikulifukuza.

Nikachimba mama mkwe akiwa amelala usingizi wa mchana. Kwa juu ni kiti. Kwa chini ni nyumba, vyumba na vichochoro, na ndani yake vitu kama sifongo vyenye punje nyeupe, laini kama mkate wa moto. Nilijitahidi kuvitoa vizima. Nilipovigusa vilivunjika. Nikazidi kugusa.

Safari tatu. Nimekijenga upya nyuma ya jikoni kama nilivyokikumbuka. Kinafanana na kaburi la mbuzi. Nikamwagilia maji. Nikajaribu na kukisemesha, lakini sikujua huwa kinaambiwa nini.

Toroli nimelirudisha.

Jumamosi, 9 Aprili

Uyoga, hakuna. Mchwa, wapo. Wametoka kaburini wakiwa na hasira na mpangilio, wameelekea kabati la sahani. Fundi mmoja kakuta mchwa kwenye wali wake, kauliza kama ni nyongeza.

Alasiri mama mkwe kaniita. Kasema kesho nivae buti.

Nikakaa chini.

Kasema Mvuke ni mpishi mzuri na ana moyo, lakini yeye ana mifuko yake, hana haja ya mahali. Mimi sina mkono wa kupika, hilo halina ubishi. Lakini niliandika kila neno, nikauliza unalia dakika ngapi. Mtu anayeuliza hivyo atakuja kujua siku moja. Tena kasema mama yake alimwonyesha yeye akiwa na umri wa kuolewa, na kichuguu kile kilikuwa kizee tangu wakati huo.

Mke wangu kalia kwa furaha. Kanipakulia nyama mbili. Sikuweza kumeza hata moja.

Bado nilikuwa na muda wa kusema. Yalikuwa maneno mawili tu: nimekichimba, nisamehe. Nikasema nakwenda kutafuta soksi.

Jumapili, 10 Aprili

Tumekwenda. Kanishika mkono njia nzima, mzito wa goti, mwepesi wa mwili. Kanionyesha mti uliopinda. Nikasema, kumbe! Kanionyesha jiwe lenye ufa. Nikasema, ama kweli! Kisha nikashika kushoto kabla hajasema kushoto. Akanitazama kidogo, tukaendelea.

Tukafika. Shimo, na udongo mwekundu umesambaa, na uyoga mmoja umelala ubavu, umenyauka.

Alisimama ukingoni mwa shimo. Nilihesabu ndege, nikarudia.

Akainama akagusa alama za gurudumu. Akasema hili ni toroli la Mvuke, analijua kovu lake. Akanitazama usoni, akasubiri.

Nikasema, watu wabaya, Mama.

Nayaandika maneno hayo nione yanafanana na nini. Yanafanana na mimi.

Akautoa mkono wake mkononi mwangu. Akaokota fimbo, akaegemea fimbo.

Katikati ya njia, bila kugeuka, akasema kwamba jana jioni, alipokwisha kuniambia nivae buti, Mvuke alikuja kuuliza kama tunajenga. Toroli lake lilirudi na udongo wa kichuguu na mchwa wawili badala ya vipande vya kuni. Mvuke hakuwa na ubaya, alitaka kusaidia ujenzi.

Akasema alitembea njia nzima akiomba kiwe kichuguu kingine.

Jumanne, 12 Aprili

Nimeomba radhi. Jana mara mbili, leo mara tatu. Kasema amesikia tangu ya kwanza.

Hapiki. Mafundi wanakuja, wanachungulia jikoni, wananiona mimi, wanakumbuka wana shughuli. Kwa Mvuke wanakula wamesimama.

Nimeurudisha udongo wote shimoni kwa toroli lile lile. Mvuke kaja kusukuma nami, kwenye mwinuko alikuwa nyuma, mteremkoni mbele. Hakuuliza lolote. Mtu akikutukana unamjibu, lakini huyu anasukuma tu. Tulipomaliza nikamwambia, jirani, nilitaka wewe ndiye ulaumiwe. Kasema anajua. Kasema tuwahi, ameacha sufuria motoni.

Mama mkwe kasikia tumeurudisha. Kasema udongo hurudi, nyumba hairudi.

Alhamisi, 14 Aprili

Kabati la sahani limeanguka leo mchana, likiwa na sahani zake. Fundi mmoja kaukagua ubao, kasema huyu alikwisha kufa kwa ndani siku nyingi, mchwa wamemzika tu. Hata shajara hii imeliwa pembeni. Wamekula ukurasa wa Januari, wenye ahadi zangu za mwaka mpya. Hakuna hasara.

Nimenunua uyoga sokoni. Nikaufuta mmoja mmoja kwa kitambaa. Nikautia kwenye kikaango kikavu, kidogo kidogo. Ukaanza kulia. Nikausubiri. Sikutazama saa. Nilikuwa na mengine ya kufikiri, hasa mtu aliyekaa kwenye umande akilisugua goti, na gogo hatua thelathini kutoka kwake. Ulipomaliza machozi nikautia mafuta, vitunguu, viazi vilivyoiva nusu, mchuzi wa mifupa na nyanya.

Nikampelekea bakuli. Kala lote, taratibu, kafuta bakuli kwa kipande cha mkate. Nikangoja.

Kasema chumvi imezidi kidogo.

Kisha kanirudishia bakuli kwa mikono miwili. Nimeliosha peke yangu, sikutaka mtu mwingine aliguse.

Jumamosi, 16 Aprili

Leo alfajiri mama mkwe kavaa buti. Mke wangu naye kavaa za kwangu. Wametoka wameshikana mikono, na hawakwenda upande wa mti uliopinda. Wamekwenda upande wa pili kabisa, kule bondeni.

Wamerudi na uyoga. Sita tu, lakini ni ule ule, vichwa kama visahani.

Kumbe kuna kichuguu cha pili! Mama mkwe huyu!

Nikamuuliza mke wangu, kwa upole tu, mume na mke, ni wapi huko. Kasema ameruhusiwa kumwambia yeyote duniani isipokuwa mimi. Nikamuuliza kama amemwambia Mvuke. Kasema Mvuke hajauliza.

Nimeyakubali. Ni haki yao. Nilivunja nyumba ya watu kwa mikono yangu, na mzee aliniamini kwa siku moja kabla hajanijua. Siku ile haitarudi, na sijui nitaiweka wapi. Nimeapa mbele ya sufuria kwamba sitachimba tena kichuguu cha mtu maishani mwangu.

Kufuata si kuchimba. Kesho nitawafuata kwa mbali, nione tu njia ilivyo, endapo goti litamkatalia na mke wangu hana nguvu za kumwinua. Safari hii nitakuwa hatua ishirini.

Toroli la Mvuke bado liko kwangu tangu Jumanne. Nitalirudisha Jumatatu. Leo nimelitia mafuta.