Wiki ya Majaribio ya Upenuni

Mama Makochi alikuwa na misumari midogo tisa midomoni, nyundo mkono wa kulia na pindo la kitambaa cha kijani mkono wa kushoto, akikivuta juu ya fremu ya kiti, wakati kijana aliyejiita Mtaalamu alipoingia karakanani akaketi bila kukaribishwa. Saa hiyo aliichagua makusudi. Miaka yake kazini ilikuwa imemfundisha kwamba hakuna msikilizaji mwema kama mtu asiyeweza kufungua mdomo.

Kwa siku mbili alikuwa amekaa kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, chai moja kwa saa nne, akiichunguza ile safu ya maduka kumi na moja. Alimwona kinyozi akienda kumuuliza Mama Makochi kama abadilishe fundi umeme. Alimwona mshona nguo akimpelekea mkataba wa cherehani ausome kabla hajautia saini. Hata mchonga funguo, ambaye kwa kazi yake alikuwa hamwamini mwanadamu yeyote, alimwachia za kwake alipokwenda kula. Hesabu ilikuwa nyepesi. Akimpata huyu mama mmoja, amewapata wote kumi na mmoja. Akimkosa, atafute mtaa mwingine, na mitaa ya mji huo ambako sura yake ilikuwa bado ngeni haikuzidi miwili.

Kwa hiyo alizungumza taratibu, kwa adabu, huku nyundo ikimpigia makofi. Kuna mtandao mpya, alisema, unaitwa Upenuni. Ile mitandao mikubwa imeshajaa. Ukiweka picha ya kochi lako kule inazama kama jiwe kisimani. Lakini waliowahi kuingia zamani, watu wakiwa bado wachache, leo wanakula kuku kwa mrija. Upenuni ndiyo kwanza unachipua. Kwa ada ya mara moja, duka linapewa nafasi ya mbele, na umati ukija utalikuta limeshaketi.

Hakueleza kwamba Upenuni ulikuwa na watumiaji wanne, na kwamba watatu kati yao walikuwa yeye. Wa nne alikuwa binamu yake aliyeutengeneza, na huyo alikwisha kusahau neno lake la siri.

Msumari wa tisa uliingia mbaoni. Mama Makochi akajifuta midomo kwa kiganja na kuuliza kama wateja wake wako huko Upenuni. Mtaalamu akasema wako njiani. Akauliza, yeye akiwa na gundi mpaka kwenye viwiko, picha atapiga nani. Mtaalamu akasema kuna mafunzo. Akauliza, mtandao ukifa, picha zake zinazikwa wapi. Mtaalamu alikuwa amejiandaa kwa maswali arobaini, na hilo halikuwemo. Ikabidi aseme kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mama Makochi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesalimiwa na jamaa anayemfahamu sana.

"Hicho kigoda ulichokalia, mwanangu," alisema, "kinavaa kitambaa kilichonishinda."

Akaeleza. Muuza vitambaa akimletea aina mpya, yeye hanunui robota zima. Anaomba kipande, anakipigilia kwenye kigoda hicho, kisha anawaachia majirani wakikalie wiki nzima. Kikivumilia makalio ya mtaa huu, ananunua. Hicho kilichopo kilipasuka siku ya tatu. Na kipande, aliongeza, hutolewa na muuzaji.

"Basi na Upenuni wako tuukalie wiki moja. Bila ada. Kila mteja akija nitamuuliza ametujulia wapi, niandike hapo ubaoni. Jumamosi jioni nawaita majirani, tunaamua."

Mtaalamu alikubali. Mvuvi gani analalamika kwa sababu ya chambo?

Jumatatu alimtuma mbeba mizigo mmoja na kiti cha mtumba alichokinunua asubuhi hiyo hiyo. Mbeba mizigo akafika, akasema amemwona Mama Makochi Upenuni, akaacha kiti na malipo, akaondoka. Mama Makochi akachora mstari mmoja wa chaki. Jumanne Mtaalamu aliazima viti viwili pale mgahawani, na mwenye mgahawa hakuwa na kinyongo viti vyake vitengenezwe bure. Hapo ndipo palipoharibika. Mwenye mgahawa alikuwa mtu mkarimu, hasa wa habari. Kufikia Jumatano wanywa chai wote walijua kwamba kuna kijana mwenye moyo safi anayewalipia watu matengenezo ya viti, sharti lake likiwa neno moja tu, wala si gumu kutamka.

Wakaja. Mmoja alileta stuli ya jikoni. Mwingine alileta kiti cha marehemu baba yake, ambacho familia ilikuwa imeshindwa kukitupa na kushindwa kukikalia. Wote walisema Upenuni, kisha walivuka barabara kumpelekea Mtaalamu bili. Alipojaribu kukataa ya yule wa stuli, mzee yule alimwambia kwa upole mkubwa kwamba kichwa chake si kizuri siku hizi; asipolipiwa, anaweza kurudi kule kwa Mama Makochi na kukumbuka vingine. Mtaalamu akalipa. Usiku mmoja aliwaza aache, lakini aliona alichokwisha kutia humo hakitoki ila kwa kuongeza. Wenye maduka kumi na mmoja wangekirudisha chote na kubakisha, mradi Jumamosi ifike akiwa bado amesimama.

Alhamisi Mama Makochi alimpongeza. Ila viti na stuli, alisema, si sofa. Mtaa huu utaamini siku mtandao utakapoleta sofa.

Mtaalamu hakuwa na sofa. Dada yake alikuwa nayo. Alikuwa anaishi kwa huyo dada, akilala juu ya sofa hiyo ya watu watatu kwa muda, na muda huo ulikuwa umetimiza mwaka na miezi minne. Dada alikuwa safarini kikazi mpaka Jumapili mchana. Sofa ikatoka Ijumaa asubuhi kwa mkokoteni, mbeba mizigo yule yule akiisukuma. Karakanani akasema ameona Upenuni, akatua mzigo, akaenda zake.

Jumamosi jioni Mtaalamu alifika amepiga pasi, daftari la stakabadhi likiwa tayari mfukoni. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Ile sofa ilikuwa katikati ya chumba, imechunwa mpaka mbao, sponji zake zimeegemezwa ukutani.

"Watu kumi na wanne kwa siku sita," Mama Makochi alisoma ubao. "Kibao changu cha barabarani hakijawahi kuniletea nusu yao kwa mwezi."

Mtaalamu aliinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa wasifu wake akiwa bado hai.

"Kwa hiyo jaribio limefaulu. Na si haki nifaidi peke yangu. Kila mmoja wenu naye apewe wiki yake, kama nilivyopewa mimi. Bila ada."

Pakachangamka. Kinyozi alisema aanze yeye Jumatatu, na kwamba hataki makuu, vichwa ishirini vinamtosha. Mshona nguo akataka kujua kama Upenuni kuna watu wenye harusi. Mchonga funguo aliomba waliopoteza funguo, na kama hawajazipoteza, yeye angesubiri.

Mtaalamu akakohoa. Wiki ile, alieleza, ilikuwa zawadi ya mfungua njia, haitolewi mara mbili, na yeye kwa bahati mbaya anahitajika mji mwingine. Majirani wakamtazama Mama Makochi. Yeye akafungua droo, akatoa bahasha.

Viti humeza vitu, na Mama Makochi alikuwa na desturi ya kurudisha kila anachokikuta ndani: sarafu, vifungo, sindano, barua za watu. Huandika jina la mteja juu ya bahasha. Hii haikuwa na jina.

"Mwenye sofa hakujitaja," alimwambia Mtaalamu, akimsogelea ili wengine wasisikie. "Lakini nadhani mnafahamiana."

Ndani mlikuwa na kijiko, kibanio cha nywele, na vitambulisho vitano vyenye picha ya Mtaalamu. Kwenye kimoja alikuwa mpima viwanja. Kwenye kingine alikuwa wakala wa masomo ya ng'ambo, na kwenye cha tatu daktari wa macho. Katika vyote alivaa tai ile ile. Vilikuwa vimemdondoka kimoja kimoja kutoka mfuko wa shati, mwaka mzima na miezi minne, akiwa amelala kiubavu. Mtaalamu alikuwa amejiandaa kwa polisi, mahakama na mbwa. Hakujiandaa kwa sponji.

"Nimesoma kimoja tu," alisema Mama Makochi. "Vingine sikuwa na miwani. Iko nyumbani, nikiihitaji nitaifuata."

Mtaalamu akaifunga bahasha. Kisha, kwa sauti ya kutosha watu wote, akatangaza kwamba Upenuni umeridhia: wiki moja kila duka, bila ada. Akapigiwa makofi. Majirani wakatawanyika kwenda kufagia na kujiandaa kwa umati.

Alipobaki na mama yule peke yao, aliuliza habari za sofa. Mwenyewe anarudi kesho saa sita mchana, alisema, na ni mtu mkali. Mama Makochi akasema mikanda yote ya chini inayobeba sponji ilikuwa imeoza, mipya imo ndani ya bei, na bei haijalipwa. Mwenye sofa akikosa fedha anaweza kutoa mikono. Mtaalamu akavua shati lake la pasi, akashika ncha ya mkanda wa kwanza na kuvuta. Mama akapigilia.

Wakafika mkanda wa tatu.

"Ulijua lini, mama?"

"Tangu kiti cha kwanza nilishuku. Nikangoja, huenda nakusingizia." Akapigilia msumari. "Mtu akileta kipya akasema ni kizuri, namwachia akijaribu kwa gharama yake. Kama ni kizuri kweli, hafilisiki. Ungeniletea mtandao wa kweli ningekufanyia vivyo hivyo."

Mtaalamu akavuta mkanda wa nne. Mikono yake ilikuwa imeanza kuota malengelenge.

Mwanga uliwaishia kwenye mkanda wa sita. Ilibaki minane, na sponji, na mgongo, na kitambaa chote. Mama Makochi akaweka nyundo chini, akasema kesho saa kumi na mbili asubuhi, asichelewe.

Kinyozi akapitisha kichwa mlangoni. Samahani kwa kuwakatiza, alisema, lakini alikuwa akipanga vifaa vya Jumatatu, akataka kujua yule mteja wa kwanza wa Upenuni angependa upara au abakizwe kidogo.

Mtaalamu akajishika nywele, akapiga hesabu zitatosha wateja wangapi.

"Abakizwe," alisema. "Jumanne kuna mwingine."