Maharage Thelathini na Nane ya 1A

Jumatatu, 2 Machi
Mambo yameiva! Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Muda wangu wa majaribio unakwisha Alhamisi ya wiki ijayo. Siku hiyo atakuja kuona darasa langu la 1A linavyojifunza kwa vitendo. Akiridhika, atatia sahihi nibaki. Asiporidhika, nifunge virago. Somo: mbegu inavyoota. Kila mtoto apande harage moja kwenye kopo, alitazame kila siku, achore anachokiona. Jirani yangu wa 1B, yule anayetabasamu hata akisahihisha madaftari, kapewa somo hilo hilo. Atanitambua.

Tuliagizwa mbegu za duka la pembejeo. Nani akapange foleni? Dada yangu, ninayeishi kwake, ana debe zima la maharage jikoni. Nimechota bakuli. Tumepanda thelathini na nane.

Ijumaa, 6 Machi
Ya 1B yameota. Yote! Jirani kanikaribisha nikaone. Nimeona. Kwangu udongo mtupu. Watoto wanachora kopo la udongo kila siku, tena kwa bidii. Nimeongeza maji.

Jumatatu, 9 Machi
Udongo. Nimeongeza maji. Mtoto mmoja kauliza kama maharage huwa yanazama.

Jioni nimemweleza dada. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Mdogo wangu, yale niliyapitisha motoni yasiliwe na wadudu. Umezika maiti." Sikuona cha kuchekesha. Nimelala bila kumuaga.

Jumanne, 10 Machi
Nimwombe jirani? Ng'o! Nimekwenda kwa mama wa miche. Kasema miche ya maharage haiuzwi, watu hupanda tu. Alikuwa na ya pilipili hoho. Nimeitazama kwa mbali, nikafumba jicho moja. Jani ni jani. Nimebeba thelathini na nane kwenye tenga.

Jumatano, 11 Machi
Nimefika shuleni kabla ya mlinzi kufungua geti vizuri. Nimepiga magoti, nimepanda yote. Watoto walipoingia, shangwe! Isipokuwa binti mmoja ambaye bibi yake anauza mboga. Kanusa jani, kasema hii ni pilipili. Nimemwambia ni harage la aina ya kigeni. Kaniangalia kwa huruma, akaenda zake kuchora. Mtoto wa miaka sita!

Alhamisi, 12 Machi
Mwalimu mkuu hakuyatazama makopo. Kaomba madaftari. Kafungua la kwanza: udongo, udongo, udongo, halafu ghafla mche wa pilipili. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa na tenga pembeni, na mimi, magoti yamejaa tope. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kamuuliza yule binti harage lake limepatwa na nini.

"Halikuota," kasema. "Mwalimu alituonea huruma, akatuletea pilipili."

Mwalimu mkuu kasema ametoka 1B, na kule watoto wote wamenakili mche ule ule aliouchora mwalimu ubaoni. Kisha kanisogelea. "Watoto hawa wanatazama, na wanasema walichokiona. Sijui umewafundishaje, maana wewe mwenyewe hujui kufanya hivyo."

Hakutia sahihi. Hakunifukuza pia. Kaniongezea muhula mmoja wa majaribio, kwa sharti nipande upya na watoto, mbegu za dukani, na niwaambie ukweli. Nimejificha stoo ya chaki nikafuta machozi. Nawapenda watoto hawa. Sitaki kuwaacha.

Ijumaa, 13 Machi
Nimewaambia ukweli, karibu wote. Nimepanga foleni. Tumepanda.

Somo la majaribio la muhula ujao limetoka: yai mpaka kifaranga, siku ishirini na moja, kwa kuku wa shule. Safari hii sikosei. Kosa langu lilikuwa kununua pilipili palipotakiwa maharage. Nimepitia kwa muuza kuku, nimemwomba muhula ujao aniwekee kifaranga cha siku moja, kifaranga hasa, si bata. Kauliza kwa nini nihangaike wakati kuku wa shule wanataga mayai. Nimemwambia ualimu ni maandalizi.