Kabureta Safi Iliyonifukuzia Mke

Kampemba, Lubumbashi
Machi 1975

Citoyen Baba Mkwe,

Heshima zangu ziwafikie huko Kambove. Huku sote tu wazima, yaani mimi peke yangu, maana binti yenu Wivine (barabarani tunamwita Chomba, kama sheria ya majina ya asili inavyotaka) amerudi kwenu na mabegi yake, akisema nichague kati yake na pikipiki. Naomba muamue ninyi.

1. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wauza esansi ya pikipiki wa hapa hatujawahi kuwasifu, na maji wanatia. Kabureta ikajaa uchafu. Nikamwona Wivine akifuta rangi ya kucha kwa disolvan, kucha ikang'aa palepale. Kama dawa inasafisha kidole, itashindwaje na chuma? Nikamimina chupa nzima kwenye tangi. Badala ya kunishukuru, alizililia kucha zake.

2. Wakubwa wanatuhubiria kila siku tujitegemee. Mimi nimejitegemea chumbani mwangu mwenyewe. Sasa anayeficha chupa chini ya godoro anampinga nani? Simshtaki kwa Chama, ni mke wangu. Lakini fikirini.

3. Kuhusu Mama. Nilipompeleka stesheni tuliweka kikapu cha mihogo kati yetu, ili heshima ya ukwe isiguswe. Njiani mpira wa esansi ukalainika kidogo, ukaanza kudondokea sandali yake ya plastiki. Niliona. Lakini mila mnaijua: mama mkwe hasemeshwi ila kwa kupitia mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuwepo. Basi nikamwambia mbuzi aliyesimama kando ya njia ainue mguu, kwa sauti kubwa, nikitumaini Mama atasikia. Mbuzi hakuinua, na Mama hakuinua. Tulipofika, sandali ilikuwa imegandamana na pikipiki. Kosa ni la mbuzi. Disolvan haihusiki.

Kwa hiyo Wivine arudishwe upesi, pamoja na chupa alizokimbia nazo.

Nisalimieni Mama (kwa kupitia ninyi), mashangazi, mashemeji, na majirani wote waliokwisha kusikia habari zangu.

Mkwe wenu mtiifu,
Citoyen Kunda

N.B. Ningekuja kumchukua kwa pikipiki, ila haijawaka tangu siku ile. Fundi ameifungua: kabureta ni safi kabisa, hata boya lake la ndani limeyeyuka. Naja Jumapili kwa treni. Mwambieni Wivine. Akicheka mwacheni acheke, nyumba hii imekuwa kimya mno.