Barua ya Koti Refu

Jumatatu, 5 Machi 1984
Miaka tisa nimewaandikia watu barua hapa nje ya posta. Kalamu yangu, mkono wangu. Sasa Zachariah, mwandishi mwenzangu hapa, ameleta taipureta! Leo wateja kumi na mmoja kwake. Kwangu mmoja, kuuliza saa. Lazima ahame. Mji mzima unaliogopa genge la Koti Refu, lililompiga risasi mlinzi wa duka kule Moi's Bridge. Watu wanasema hutuma barua kabla ya kuja. Barua! Hiyo ni kazi yangu.

Jumatano, 7 Machi
Jana niliandika barua kwa mkono wa kushoto, nikaisukuma chini ya mlango wake mtaani Huruma. Ahame kabla ya Jumapili, la sivyo Koti Refu anakuja. Leo hajaonekana. Wateja wamerudi. Nimekula nyama.

Alhamisi, 8 Machi
Mjinga Zachariah amempelekea Chifu ile barua! Vijana wa Huruma wanalinda njia na rungu na mishale. Wakimpata mtu wa Koti Refu, wanasema, hatafika polisi. Baraza ni Jumamosi.

Jumamosi, 10 Machi
Chifu aliisoma barua mbele ya watu wote: "Mpendwa Zachariah, mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwako. Lengo na madhumuni ya kukuandikia ni kukujulisha kwamba tutakuua."

Mama Waithira, mteja wangu wa zamani, akasimama polepole.

"Chifu, haya ni maneno ya Kipngetich. Hata barua za kumtumia kijana wangu anaanzanga hivyo."

Vichwa vikanigeukia. Kijana mmoja akainua rungu. Nikajua nimekwisha. Kisha mtu akacheka, na baraza lote likafuata. Chifu hakucheka. Naandika haya kwenye seli ya kambi yake.

Jumatatu, 12 Machi
Zachariah alikuja asubuhi na chai na mkate, akamwomba Chifu anisamehe. Nimeachiliwa! Akaniambia watoto wake hawajalala wiki nzima, lakini yamekwisha, na meza yake inatutosha sisi wawili. Nililia, kweli. Tukafanya kazi pamoja hadi saa sita.

Lakini mtu mwema namna hiyo lazima ana lake. Alipoenda kula aliniachia taipureta. Nimempigia barua moja, fupi. Hii inatoka Special Branch, polisi wa siri wa serikali. Genge, watu walilicheka. Hao hakuna atakayewacheka.