Reli Haipindi Bure

Kwa kinyozi mmoja pale Mwanga, Kigoma mjini, Bonifasi alisikia habari za treni za umeme za mjini, zile zinazopita katikati ya mitaa na kusimama kila baada ya nyumba chache. Wateja wengine walisifu maendeleo. Bonifasi alinyolewa bila kuwasikiliza tena, kwa sababu kichwani alishaiona stesheni nzima, iko Ujiji, na yeye ndiye mwenye kuamua itakaa mbele ya nyumba ya nani.

Alikuwa na maneno matamu huyu mtu. Alishawahi kumuuzia mvuvi wa Katonga hati ya kumiliki kipande cha ziwa. Lakini maneno hayakumjengea hata choo, na mali yake ya maana ilikuwa moja tu: pikipiki nyekundu, aliyoinunua kwa jasho la miaka minne ya kubeba abiria, kabla hajagundua kwamba uongo hauumizi mgongo. Aliipenda kuliko ndugu zake. Kila asubuhi aliifuta kwa fulana yake, kisha akaivaa hiyo fulana.

Jumatatu akaingia Ujiji juu ya pikipiki hiyo, kofia ngumu ya njano kichwani, kizibao cha kung'aa kifuani, na stendi ya kamera aliyoazima kwa mpiga picha za harusi. Akapigilia vigingi vyekundu kumi na viwili kuanzia sokoni, akawa anachungulia juu ya stendi isiyo na kamera na kuandika namba kwa uso wa huzuni. Kabla ya adhuhuri Mzee Mwinshehe, mwenye nyumba tatu na hamu ya kupata ya nne, alishafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Hivi vigingi vya nini?"

"Stesheni. Treni ya mjini, Kigoma mpaka hapa. Ilipangwa tangu enzi za Mjerumani, sema ramani zilipotea."

"Inapita kwangu?"

"Kwa sasa inapita kwa jirani yako."

Mzee aliitazama nyumba ya jirani kwa chuki mpya kabisa. "Haiwezi kukata kona kidogo ije kwangu, nipate wapangaji?"

Bonifasi akashusha pumzi ndefu. "Reli haipindi bure, mzee."

Mkono wa Mwinshehe ulikuwa tayari mfukoni. Hapo ndipo Bi. Mwanakombo, mjane muuza mawese, alipotua ndoo yake. Huyu mama alikuwa katibu wa kila mradi uliowahi kupita mtaani: wa visima, wa vyandarua, wa kulinda samaki, na mmoja ambao mpaka leo hakuna aliyeelewa ulikuwa wa nini.

"Mwinshehe, toa mkono huo mfukoni," alisema. "Injinia, kikao cha wadau lini?"

"Kikao?"

"Mradi bila kikao, mwanangu? Au wewe siyo wa mradi?"

Majirani wakaanza kumtazama vibaya. "Kesho," akasema Bonifasi.

Kesho yake wadau sitini walikuwa wameketi, watulivu, watu waliozoea. Daftari la mahudhurio lilishapigwa mistari. Bi. Mwanakombo aliulizia kwa upole posho, nauli na soda, na Bonifasi aliyekuja kuchukua akajikuta anatoa. Alijiambia kwamba hiyo ni mbegu tu. Kikao cha pili kilihusu historia ya stesheni, na kila ukoo ulikuja na yake. Wazee wa ukoo mmoja walimkumbuka vizuri babu yao akikata tiketi pale. Kamati ikachaguliwa, na siku ya tatu ikawa ziara yake ya mafunzo kwenda Kigoma mjini kuitazama stesheni ya zamani, ili wajumbe wajue stesheni inafananaje, ingawa wote walizaliwa wakiiona. Walikula samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, wakakubaliana kwamba lile jengo linafanana na stesheni.

Jioni hiyo, Alhamisi, akiba ya Bonifasi ilikuwa imekwisha. "Kamati haina usafiri," akasema Bi. Mwanakombo. "Vigingi vitakaguliwaje?"

Bonifasi aliitazama pikipiki yake. Akapiga hesabu ya haraka: kesho Mwinshehe analipa, jirani analipa zaidi, Jumamosi yeye yuko mbali na pikipiki yake. Akatoa ufunguo. Ukaandikwa kwenye muhtasari, ukapigwa muhuri.

Ijumaa akamfuata Mwinshehe na kumkuta na soda mkononi.

"Mzee, ile kona."

"Achana na kona, injinia. Treni ina kelele. Lakini vikao visikome, posho zake zinanifaa sana."

Akaenda kwa Bi. Mwanakombo, akakaa chini karibu na ndoo ya mawese, machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, na hakuwa na mazoea nayo.

"Mama, hakuna treni."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Ulipigilia vigingi kabla ya kikao. Mradi wa kweli unaanza na kikao, vigingi unavisubiri mpaka wajukuu waoe."

"Basi nirudishie pikipiki yangu, mama. Nakuomba. Hiyo sikuiba."

Bi. Mwanakombo alimwonea huruma, tuseme ukweli, na huruma hiyo ilidumu muda wa kupimia mteja chupa moja ya mawese.

"Ni mali ya kamati sasa," alisema. "Kuitoa kunahitaji kikao."

"Kiitishe basi."

"Nitakiitisha hata leo, mwanangu. Posho analipa nani?"

Bonifasi alirudi Mwanga kwa miguu. Njiani wajumbe watatu walimpita juu ya pikipiki nyekundu, wakapunguza mwendo, wakampigia honi kwa heshima zote. Alichokiona kikamuuma kuliko yote: hawakuwa wameifuta.