Mfuko Uliokataa Pesa

Murray Feltz alikuwa akiuza saa za dhahabu zisizo na dhahabu kwenye maegesho ya klabu ya gofu, hapa kwetu Long Island, alipomwona Daktari Whitcombe akilipiga teke gari lake mwenyewe.

"Wamenikataa!" daktari alifoka. Kazi yake ilikuwa kung'oa meno, na pesa alikuwa nazo.

"Nani kakukataa, daktari?"

"Wanahisabati wa mji wa jirani. Wana mfuko wa uwekezaji, kompyuta ndiyo inanunua hisa na kuuza. Faida yao inatisha. Nimewapelekea hundi wakairudisha. Eti wamefunga, hawapokei pesa mpya!"

Murray akazisahau saa zake. Maisha yake yote alikuwa akiwabembeleza watu watoe pesa. Kumbe dawa ni kuwakatalia!

Akapanga vyumba viwili juu ya duka la piza la Dolores Vaccaro, mjane mmoja mchangamfu. Akanunua rundo la kompyuta zilizokufa kwa bei ya chuma chakavu, akazipanga ukutani, akafunga viyoyozi mpaka mgeni akipumua anatoa moshi. Kilichobaki ni mwanahisabati, na huyo ilibidi awe wa kweli. Akampata Irena Halpern, aliyeachishwa kazi chuoni kwa sababu hesabu zake zilichukua muda mrefu mno.

"Kazi yako nyepesi, dada," Murray alimwambia. "Akija mgeni andika ubaoni, akikusalimia nuna. Na sheria ya nyumba hii: mashine haimsikilizi binadamu. Hata mimi!"

"Hata wewe?"

"Hata mimi," Murray alirudia, kwa sauti ya padri madhabahuni.

"Na wageni wasipokuwepo?"

"Fanya utakalo."

"Basi ninunulie kompyuta moja nzima nichezee."

Akamnunulia. Na tumtendee haki: alipoona kiwiko cha sweta lake kimetoboka, alimnunulia na sweta.

Dolores naye kila mchana aliwapandishia piza. Siku ya kwanza alimwona Murray akichokoa zeituni na kuziweka pembeni. Kesho yake zeituni hazikuwepo, wala hakusema neno. Mambo kama haya hayaandikwi katika historia za mifuko mikubwa, na ni hasara.

Daktari Whitcombe akaja. "Tumefunga," Murray akamwambia, akamfungulia mlango atoke. Akaja tena na boksi la chokoleti. "Tumefunga." Safari iliyofuata alikuja na wakili.

"Kule kwa wenzenu," alisema daktari, "bosi hagusi pesa. Mashine tu ndiyo inaagiza benki. Na bosi kaweka zake humohumo. Nyie je?"

"Vilevile!"

"Basi iandikwe. Miaka mitano, hakuna pesa inayotoka."

Murray akasaini kwa mbwembwe, akaweka na akiba yake yote. Mashine ni yangu, aliwaza, itaagiza ninavyotaka. Baada ya hapo klabu nzima ya gofu ilipanda ngazi zile kuja kukataliwa, na baada ya kukataliwa vya kutosha, kupokelewa.

Kisha akapanda Dolores, mkononi ana pesa za bima ya marehemu mumewe.

"Mama, tumefunga," Murray alisema. Safari hii alimaanisha. Hata tapeli ana mipaka, na wake uliishia kwa mtu aliyemwondolea zeituni.

"Daktari naye ulimwambia mmefunga, na yumo. Au pesa ya piza inanuka?"

"Dolores, nakusihi. Nunua jiko jipya."

"Kumbe mfuko wenu ni mzuri kiasi hicho!" alisema Dolores, akashuka huku anafuta macho.

Asubuhi moja ya Jumatatu Murray aliingia na sanduku, na tiketi ya Bahama mfukoni.

"Irena, iambie mashine itume pesa zote Bahama."

Irena akaweka kikombe chini. "Na za Dolores?"

"Dolores hayumo."

"Yumo. Nilimkuta kwenye ngazi analia, nikamwingiza."

Murray akalikalia sanduku lake. Akaliangalia boksi tupu la piza. "Za Dolores ziache," alisema. "Nyingine tuma."

"Haiwezekani. Haisikilizi."

"Haisikilizi nani? Ni mabati matupu yale!"

"Najua. Niliyagusa siku ile ya kwanza, yalikuwa baridi kama samaki. Chumba kinapozwa kwa sababu mashine zina joto, Murray. Benki ilipouliza iunganishwe na mashine ipi, nikawapa yangu. Inanunua na kuuza, lakini kutoa nje mpaka miaka mitano iishe. Niliifunga kama ulivyonifundisha. Haimsikilizi binadamu, hata mimi."

"Inanunua kwa hesabu zipi?"

"Zangu. Zile za muda mrefu."

Murray akafumba macho. "Tumepoteza kiasi gani?"

"Tumepata," alisema Irena, akamgeuzia kioo cha kompyuta aone.

Murray aliangalia, akaangalia tena. "Na yule daktari, nani alimtia akilini kifungu kile cha miaka mitano?"

"Siku ile ya wakili alikuja mapema, nikamkaribisha kahawa. Kununa siwezi vizuri."

"Mbona hukuita polisi?"

"Ulininunulia sweta," alisema Irena.

Tiketi ile ilikwenda na maji. Miaka mitano ikapita, Dolores akanunua jengo zima, na picha ya Murray ikatundikwa ukutani: mwasisi. Sasa madaktari wa hesabu walijaa vyumbani na mashine zilitoa joto kwelikweli.

Ndipo Irena akamwambia, "Imetosha. Tukiongeza pesa tutanunua kwa wingi mno, bei zitatukimbia, na faida ya waliomo itayeyuka. Akina Dolores."

Simu ikalia. Alikuwa kaka yake Daktari Whitcombe, mwenye viwanda, na hundi aliyoahidi ilikuwa na sifuri nyingi kuliko zote Murray alizowahi kuziota.

"Nakuomba, kaka," sauti ilisihi. "Taja masharti yoyote."

Murray akamtazama Irena, akaitazama piza iliyokuwa mezani, isiyo na zeituni.

"Tumefunga," alisema, na kwa mara ya kwanza neno hilo likamtoka na kwikwi.

"Unaona?" mwenye viwanda alimnong'oneza mkewe. "Anavyoigiza! Kesho tumpelekee chokoleti."