Mnara wa Maji Nyuma ya Kikapu

Jumamosi, 17 Agosti
Hilkka ameweka picha nyingine. Jirani yangu huyu, mpeleka barua mstaafu, na kikapu cha uyoga wa manjano kilichojaa pomoni. Kundi letu la mtandaoni la wapenda msitu limemmwagia mioyo myekundu. Mimi juzi niliweka konokono. Moyo mmoja, tena wa dada yangu. Inauma.

Lakini nina silaha. Mahali pa mama! Nyuma ya mwamba uliopasuka, uyoga hauna mwaka wa kukosa. Mama alinielekeza akiwa mgonjwa, baada ya kumtoa nesi chumbani. Akaniapisha. Hata mke wangu Sirkka hajui. Hapa kwetu mtu atakuazima gari, atakuwashia sauna yake uoge kwa mvuke, lakini mahali anapookota uyoga hakwambii.

Jumapili, 18 Agosti
Nimeenda alfajiri, kwa njia ya kuzunguka, nisifuatwe. Kikapu kimejaa. Nimekiweka juu ya mwamba, nikapiga picha. Kisha ujanja: nimeandika kwamba nimeokota Sammalkoski, mbali kabisa kwa gari. Siri ya mama iko salama na sifa ninazo. Kichwa changu hiki!

Jumatatu, 19 Agosti
Mioyo inamiminika. Hilkka ameandika kwamba, jirani, leo umetuziba midomo. Nimemsomea Sirkka. Akasema hongera, na takataka zinanisubiri.

Jumanne, 20 Agosti
Watu wamekwenda Sammalkoski wakarudi na alama za mbu tu. Nimecheka hadi nikapaliwa na mkate. Sirkka akaomba kuona picha. Akaitazama. Akauliza mnara wa maji wa mji wetu umehamia Sammalkoski lini.

Nimeikuza picha. Upo. Nyuma ya kikapu, na kofia yake ya duara. Nilidhani ni uyoga. Nimeifuta, lakini kundi zima lilishaiona.

Jumatano, 21 Agosti
Magari yamejipanga kando ya msitu kama kwenye harusi. Hilkka amekaa juu ya mwamba wa mama na chupa ya kahawa. Akanikaribisha! Akasema, Raimo jirani yangu, una roho nzuri wewe, wenzako wanakufa na mahali pao na wewe umetugawia. Akanipa andazi la mdalasini. Nikala, ningefanyaje? Chini ya mwamba vimebaki vikonyo vilivyokatwa.

Nimelia garini. Mama aliniamini mimi peke yangu kati ya watoto wake wote.

Ijumaa, 23 Agosti
Sirkka amenionea huruma. Kumbe naye ana pake! Alionyeshwa na marehemu shangazi yake, Aune, akanyamaza napo tangu kabla ya ndoa yetu. Amenifunga skafu machoni, akaendesha gari, akanizungusha makusudi. Skafu ilipofunguliwa: manjano matupu chini ya misonobari. Akasema shangazi alikuwa akija hapa na ndala za nyumbani.

Akasema pia kwamba, mume wangu, ukipatangaza hapa, utahamia kwa dada yako. Nimeapa kwa jina la mama. Machozi yalinilenga.

Jumamosi, 24 Agosti
Nimejifunza. Kosa lilikuwa mnara. Picha ya leo haina mnara, haina mwamba, haina hata anga. Uyoga tu na kiganja changu. Na kwa kuwa uongo uliniponza, safari hii nimeandika ukweli mtupu: namshukuru mke wangu, na marehemu shangazi Aune aliyekuwa akija kuokota hapa na ndala zake.

Mioyo haijawahi kuwa mingi hivi!

Hilkka ameuliza kama ni yule Aune wa nyumba ya mwisho kabla ya daraja, ambaye yeye mwenyewe alimpelekea barua miaka mingi, maana kwa miguu yake ile asingeweza kufika mbali na mlango wa nyuma. Nimemjibu ndiye, na nikamsifu kwa kumbukumbu nzuri.

Sirkka ananiita kutoka jikoni, kwa majina yangu yote. Bila shaka ni takataka.